Ukungu katikati ya vioo viwili: kinachobadilishwa ni kioo au ni dirisha zima?

Swali

Nina nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vinane hapa Shangani, Mtwara, si mbali na bahari. Mwaka 2014, wakati wageni wa shughuli za gesi walipokuwa wengi, niliweka madirisha ya alumini yenye vioo viwili viwili ili vyumba vitulie na viyoyozi visile umeme mwingi. Sasa madirisha matano kati ya kumi na manne yana ukungu katikati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Asubuhi ukungu huwa mzito, mchana hupungua, na katika madirisha mawili umeanza kuacha weupe usioondoka. Fundi mmoja ameniambia ning'oe madirisha yote pamoja na fremu zake. Mwingine anataka kutoboa tundu dogo kwenye kila kioo ili unyevu utoke. Nimsikilize nani? Na kama ni kubadilisha, nirudishe vioo viwili au niweke kimoja tu?

Jibu

Dada yangu wa Shangani, nakushauri usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Fremu ya alumini iliyo nzima haina sababu ya kung'olewa kwa ajili ya ukungu, na tundu haliwezi kufufua kioo ambacho muhuri wake, yaani gundi inayokiziba pembezoni, umekwisha kufa. Kinachobadilishwa ni kioo pacha peke yake, yaani vile vioo viwili vilivyounganishwa kiwandani vikawa kitu kimoja, na kinabadilishwa baada ya kujua kwanza ni nini kilichokiua, kwa sababu vioo pacha vingi ninavyoitwa kuvitazama katika pwani hii ya kusini havikufa kwa uzee bali kwa kukalishwa ndani ya maji.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha maji yenyewe yako upande gani. Madirisha ya namna hii yalienea katika nchi za baridi, ambako chumba kina joto na nje kuna baridi, kwa hiyo huko jasho la kioo hutokea upande wa chumbani. Kwetu mambo yamegeuka. Hewa ya Mtwara yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 26 hivi au chini ya hapo, na kioo kimoja cha chumba kilichopoozwa hadi nyuzi 18 hufika huko bila shida. Ndiyo maana watu wengi huamka asubuhi wakakuta kioo kinatiririka maji kwa nje, wakadhani dirisha limeharibika, kumbe hakuna kilichoharibika ila kiyoyozi kimewekwa baridi kupita kiasi. Umande wa nje unafutika kwa kitambaa, na wa chumbani unafutika vilevile. Usiofutika upande wowote ndio ulio katikati, na huo ndio ugonjwa.

Kwa yale madirisha tisa ambayo bado unayaona mazuri, fanya jaribio moja rahisi. Chukua barafu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uishikize kwenye kioo upande wa chumbani kwa dakika kama 20, kisha uiondoe na ufute vizuri uso wa kioo pande zote mbili. Ndani ya kioo pacha kizima hewa ni kavu mno kiasi kwamba baridi ya barafu haiwezi kutoa umande wowote. Ukiona duara la ukungu limebaki pale mfuko ulipokuwa, na halifutiki, ujue dirisha hilo nalo limeanza kuvuta unyevu hata kama bado halijakuonyesha. Jaribio hili litakusaidia kuagiza idadi kamili kwa mara moja badala ya kurudi kwa mwuzaji kila baada ya miezi michache.

Sasa nieleze kilichotokea humo ndani, maana bila kukielewa huwezi kumsimamia fundi. Pembezoni mwa vioo viwili, kuzunguka pande zote nne, kuna upau mwembamba, mara nyingi wa alumini, ulio wazi ndani kama mrija. Mrija huo umejazwa punje za kukausha hewa, ambazo ni jamaa wa zile zilizomo katika vipakiti vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Baadhi ni silika jeli, na zilizo bora zaidi ni zeolaiti, yenye vishimo vidogo mno vinavyokamata chembe za maji na kuviacha vitu vingine vipite. Kati ya upau na kila kioo kuna utepe mweusi wa butili ambao kazi yake ni kuzuia mvuke, na nyuma yake kuna gundi nzito ya polisalfaidi, poliyurethani au silikoni ambayo kazi yake ni kuvishika vioo visiachane. Hakuna muhuri unaozuia mvuke kwa ukamilifu. Kila siku kiasi kidogo sana hupenya, na punje hukinywa. Kioo pacha kilichotengenezwa na kuwekwa vizuri hukaa miaka mingi kabla punje hazijashiba, lakini siku zitakaposhiba, mvuke wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kwenye uso wa kioo.

Hilo linaeleza hata zile saa ulizoziona mwenyewe. Usiku kucha kiyoyozi hupooza kioo cha upande wa chumbani, na alfajiri hicho ndicho kilicho baridi zaidi, hivyo mvuke uliofungwa katikati hukimbilia huko na kuganda kama ukungu. Jua likipanda, kioo hupata joto na ukungu hurudi kuwa mvuke, macho yako yakaona dirisha limepona. Halijapona. Kila mchana hewa iliyofungwa hutanuka na vioo hutuna kidogo, kila usiku husinyaa na vioo huvutwa ndani, na kila mzunguko huo huunyoosha na kuubana muhuri uliokwisha kulegea, ukaingiza hewa mpya yenye unyevu. Dirisha lililoanza hivi haliko katika hali ya kusimama mahali pamoja, linazidi kuharibika.

Ule weupe usioondoka ni hatua ya mwisho. Maji yanayokaa muda mrefu juu ya uso wa kioo huchota sodiamu iliyomo ndani ya kioo chenyewe, na chumvichumvi hiyo hula uso na kuuacha na makovu. Hata kama ungeweza kuingiza mkono humo na kusugua kwa dawa yoyote, makovu yasingetoka.

Hapo ndipo linapoanguka pendekezo la kutoboa. Najua linavutia kwa sababu ni rahisi, na kwa wiki chache kioo kinaweza kuonekana safi. Lakini punje bado zimeshiba, muhuri bado umefunguka, na tundu jipya linaingiza hewa ya Mtwara, ambayo si hewa ya kukaushia kitu. Kwa kutoboa umekubali kwamba kile hakitakuwa kioo pacha tena, kitakuwa vioo viwili tu vyenye tundu. Kuna na hatari: kama kioo chako ni kile kilichokomazwa kwa moto kiwandani, ambacho kwa kawaida huwa na alama ndogo iliyochapwa pembeni, hakitobolewi wala hakikatwi baada ya kukomazwa, ncha ya keekee ikikigusa vibaya, kioo kizima hupasuka na kuwa changarawe mikononi mwa fundi.

Sasa chanzo. Mvua ya upepo inapopiga dirisha, maji kidogo hupita kwenye raba ya nje. Hilo si kosa, na waliobuni fremu walilijua. Ndiyo maana fremu nzuri ya alumini ina mfereji chini ya kioo na matundu ya kutolea maji kwenye uso wa nje. Kioo hakikai moja kwa moja kwenye mfereji huo bali juu ya vikalio vya plastiki ngumu vinavyokiinua milimita kadhaa, ili maji yapite chini yake bila kuugusa muhuri. Matundu yakiziba, mfereji unakuwa bakuli, na ukingo wa chini wa kioo unalowana msimu mzima. Butili na gundi zilizotengenezwa kustahimili mvuke hazikutengenezwa kuishi majini. Katika mji wetu matundu hayo huzibwa na mchanga mwembamba, chumvi ya bahari, rangi iliyopakwa bila uangalifu, silikoni ya fundi aliyedhani ameona uvujaji, na zaidi ya vyote nyumba za udongo za manyigu, ambao hupenda tundu la ukubwa huohuo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililipia somo lake. Miaka ya nyuma, katika jengo moja la ofisi mjini Lindi, niliweka vioo pacha vinne vipya mahali pa vilivyoingia ukungu. Kazi ilikuwa safi kwa macho, na mwenye jengo alifurahi. Sikuyachunguza matundu ya chini. Msimu wa pili wa mvua vitatu kati ya vinne vilikuwa na ukungu, na nilipovitoa nilikuta maji yamesimama kwenye mfereji, pamoja na vikalio vya mbao vilivyooza ambavyo niliviacha nikidhani bado vinafaa. Nilinunua vioo vingine kwa fedha yangu. Tangu hapo, kioo kipya hakigusi fremu yangu kabla sijamimina maji nusu lita kwenye mfereji na kuyaona yote yakitoka nje kwa macho yangu. Mwambie fundi wako afanye hivyo mbele yako, kwa kila dirisha, yakiwemo yale tisa mazima, ambayo utakuwa umeyaongezea miaka bila gharama ya maana.

Kupima ndiko kunakohitaji utulivu kuliko kazi nyingine zote, maana kioo pacha hakipunguzwi kikishatengenezwa; kikizidi milimita nne, umepata hasara kamili. Usipime sehemu inayoonekana tu. Fundi atoe vibanio vya alumini vinavyoshikilia kioo pamoja na raba zake, kisha apime nafasi ya kioo ndani ya fremu, upana katika sehemu tatu na urefu katika sehemu tatu, achukue kipimo kidogo kuliko vyote, na apime pia pembe kwa pembe ili kujua kama fremu imekaa sawa. Kioo kinachoagizwa kiwe pungufu ya nafasi hiyo kwa milimita 6 hadi 10 kwa jumla kulingana na ukubwa wa dirisha, ili kila upande ubaki na upenyo wa kutanuka. Unene upimwe kwa milimita kamili: ukiwa na vioo vya milimita 5 na nafasi ya milimita 12 katikati, jumla ni 22, na ukiletewa cha 24 vibanio havitaingia, ukiletewa cha 20 raba zitalegea na mvua itaingia kwa wingi. Andika pia rangi ya kioo cha nje, kwa sababu bluu ya kiwanda kimoja si bluu ya kiwanda kingine, na vyumba vya wageni vikitazamana uani tofauti hiyo huonekana.

Kuna jambo jingine la kuandika ambalo wengi hulisahau. Usiku, shika njiti ya kiberiti iliyowashwa karibu na kioo kizima na utazame taswira zake: utaona ndimi nne za moto, moja kwa kila uso wa kioo. Zote zikiwa na rangi moja, vioo vyako ni vya kawaida. Ulimi mmoja ukiwa na rangi tofauti na nyingine tatu, uso huo umepakwa utando mwembamba wa metali wa kurudisha joto, na lazima uagize chenye utando na useme uko uso wa ngapi kutoka nje. Kwa nchi ya jua kama yetu mahali pake panapofaa ni uso wa pili, yaani mgongo wa kioo cha nje, ili joto lirudishwe kabla halijavuka ile nafasi ya katikati.

Uliza pia kioo kitatengenezewa wapi, na sisemi hivyo kwa ajili ya jina la kiwanda bali kwa ajili ya mwinuko wa mahali. Kioo pacha hufungwa na hewa ya pale kilipotengenezwa. Kikifungwa Dar es Salaam, ambayo iko usawa wa bahari kama Mtwara, hakuna tatizo. Kikifungwa Nairobi, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800, hewa iliyomo ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya huku, na kinapofika pwani hewa ya nje hukikandamiza: vioo hubonyea katikati, taswira hupinda, muhuri huvutwa siku zote, na kioo chembamba kinaweza kuvunjika chenyewe. Viwanda vinavyojua kazi huweka mrija mwembamba au vali ya kusawazisha, mradi waambiwe mapema kwamba mzigo unakwenda baharini. Hata Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, jambo hili linahitaji kusemwa.

Kuhusu gesi ya agoni, inayojazwa katikati ya vioo badala ya hewa na ambayo wauzaji huisifu, mimi nisingelipa zaidi kwa ajili yake. Faida yake ni kubwa pale ambapo tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ya nyuzi 20 au 30, kama wakati wa baridi kali ya Ulaya. Kwetu tofauti ni nyuzi 8 au 10. Fedha hiyo iwekwe kwenye utando wa kuzuia jua.

Safari ya kutoka Dar es Salaam inazidi kilomita 500, kwa hiyo sisitiza vioo visafirishwe vimesimama kwenye fremu ya kuegemea, vikitenganishwa kwa vipande laini, visilazwe kamwe. Kazi yenyewe ipange kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha, na ifanyike asubuhi kabla jua halijachoma fremu. Kioo pacha cha mita moja kwa mita moja na sentimita 20, chenye vioo viwili vya milimita 5, kina uzito wa kilo 30, hivyo kinahitaji watu wawili na vikombe vya kunyonya vya kubebea, hasa ghorofani.

Vikalio viwe vya plastiki ngumu, vipana kiasi cha kubeba vioo vyote viwili, maana kikalio chembamba kinachobeba kioo kimoja huufanya uzito wa cha pili uning'inie kwenye gundi. Dirisha lisilofunguka huwekewa viwili chini, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni, pasipo kufunika tundu la maji. Dirisha la bawaba huwekewa kimoja chini upande wa bawaba na kingine juu upande wa pili, ili kioo chenyewe kilibebe bawa, yaani fremu inayofunguka, lisiiname. Raba ziwe mpya. Za zamani zimekakamaa kwa jua. Na kama fundi atatumia silikoni popote karibu na ukingo, muulize, kisha uinuse mwenyewe: ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia butili ya kioo kipya. Inayofaa ni silikoni ya aina isiyo na asidi. Tofauti ya bei kati ya mirija hiyo miwili ni ndogo, lakini nimeona vioo vipya vilivyoharibika ndani ya mwaka mmoja kwa sababu yake.

Umeuliza kama urudishe viwili au kimoja. Kwa vyumba vyenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha, rudisha viwili. Kioo kimoja cha milimita 6 hupitisha joto la hewa karibu mara mbili ya kioo pacha cha kawaida, na pia utaanza kupata lile jasho la nje nililolieleza mwanzoni, ambalo hulowesha kuta na kuotesha kuvu. Lakini usitegemee kioo pacha cha kawaida kukukinga na jua lenyewe: katika kila sehemu 10 za joto la jua linalokipiga, takriban 7 hupita. Madirisha yanayotazama mashariki na magharibi yanahitaji kivuli kwa nje, iwe ni ukingo wa paa uliorefushwa, baraza au mti, na kivuli hicho kitapunguza mzigo wa kiyoyozi kuliko kioo chochote utakachokinunua. Kama miongoni mwa madirisha matano mabovu lipo la ukumbi, ngazi au chumba kinachotegemea upepo wa bahari, hapo sioni sababu ya kulipia vioo viwili. Weka kimoja kilichobandikwa kwa tabaka la plastiki katikati, ambacho kikivunjika hakidondoki, pamoja na vibanio na raba za unene wake, nawe usalimike na gharama hii isijirudie.

Kabla fundi hajavitupa vile vitano, tazama kwenye upau wa alumini ulio katikati ya vioo. Watengenezaji wengi huchapa humo jina lao na tarehe ya kutengeneza, na dhamana ya ukungu mara nyingi huwa ya miaka 5 hadi 10. Vyako vya 2014 vimekwisha kupita muda huo, ila kama kimojawapo kiliwahi kubadilishwa baadaye, huenda tarehe yake bado ikakupa haki ya kudai. Vipya vikifika, vipige picha maandishi hayo kabla havijawekwa, na uihifadhi picha pamoja na risiti.